Kioo cha Njano Mfukoni mwa Ambokile

Walikuja asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo, wakasimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Mbugani, mjini Kyela, wakikung'uta matope. Mbele alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti jeusi, na nyuma yake mwanamke aliyejifunga kanga kichwani hadi karibu na nyusi, kama wanavyojifunga waliokesha msibani. "Mugonile," mwanamume akasalimu kwa Kinyakyusa. "Ndaga," nikajibu, macho yangu bado yako kwenye mashine. Nilipoinua uso nilimtambua yule mwanamke. Alikuwa Mama Lusajo, mke wa Ambokile, fundi aliyenifundisha kazi ya kukata stika na mbao kwa mashine, kama neno kufundisha linaweza kubeba yale aliyonifanyia. Hapo nikajua ni nani aliyekufa. Sitadanganya ili nionekane mwema: cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huzuni.

Mwanamume akajitambulisha kuwa ni Gwakisa, mdogo wake marehemu. Walitaka msalaba wa mbao wenye jina, maziko ni kesho. Kabla sijauliza vipimo akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa chekundu, akakiweka juu ya meza yangu na kuurudisha mkono haraka, kama mtu aliyeweka kaa la moto. "Tumekikuta kwenye mfuko wa shati lake," akasema. "Wazee wa kanisa wamekiona. Wamesema hawagusi jeneza mpaka wajue ni kitu gani, na nyimbo hawataimba. Shemeji anasema ni cha mashine. Lakini mashine kaka aliiuza siku nyingi, na hiki kimepasuka. Mtu atembee na kitu kibovu, ndani ya kitambaa chekundu, mpaka afe nacho? Nimeambiwa wewe una mashine kama yake. Tuambie." Nikafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kioo cha mviringo, cha njano kama asali, upana wake kama sarafu. Kilikuwa na ufa katikati, na juu ya ufa doa la kahawia lenye mistari myembamba, mistari ya dole gumba la mtu. Sikuwa nimekiona tangu siku niliyofukuzwa kwa ajili yake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Ngana na begi moja, na nilichotaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu: kuishika leza. Niliiona mara ya kwanza nilipotumwa kwa Ambokile kufuata mabango ya duka. Mwali mdogo usioonekana ulikuwa unapita juu ya ubao, na nyuma yake jina la mtu linabaki limeungua vizuri kuliko mwandiko wa mwalimu yeyote niliyewahi kumwona. Nikamwomba Ambokile anichukue. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema nitafanya kazi mwaka mzima kwa chakula na nauli, na mwaka ukiisha nitashika leza. Hiyo ndiyo ahadi, na kwa hiyo ahadi nilivumilia mambo ambayo leo nikiyasimulia wanangu hawaniamini, wanadhani mimi mama yao, kwa ulimi nilio nao, siwezi kukaa kimya hata dakika tano.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kimegawanywa kwa ukuta wa plaibodi. Upande wa pili ndiko familia ilikokula na kugombana, na kwa kuwa plaibodi haifichi siri, nilijua mambo ya nyumba ile kuliko mchungaji wao. Jirani alikuwa mnunuzi wa kakao, kwa hiyo mchana kutwa tulivuta harufu ya kakao inayochacha, iliyochanganyika na moshi wa mbao. Plota, mashine ya kukatia stika, ilikaa juu ya meza karibu na dirisha. Leza ilikuwa sanduku refu la bluu kwenye kona, na mbele yake Ambokile alikuwa ametundika kanga kuukuu ili mtu asione anabonyeza nini. Leza hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu kutoka kwenye ndoo, na kwa joto la Kyela maji ya ndoo yanapata moto kabla hata ya saa nne. Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kununua barafu za pakiti kwa muuza juisi na kuzitumbukiza ndooni. Wapita njia waliniuliza juisi ya leo ni ya nini, nikawa nawajibu ya ukwaju, maana kuwaeleza ningechoka bure.

Kazi ya pili ilikuwa kuchambua. Plota inakata herufi kwenye stika bila kuutoboa mgongo wa karatasi, halafu lazima mtu akae abandue yote yasiyotakiwa, hadi vitundu vya ndani ya herufi, kwa ncha ya sindano. Ukivuta haraka, herufi nayo inang'oka. "Wewe Ngana," Ambokile aliniambia siku ya kwanza, "nyie si mnachambua mchele tangu mkiwa tumboni? Chambua." Jina langu ni Sekela. Alikuwa analijua, aliliandika mwenyewe tulipokubaliana. Lakini mwaka mzima aliniita Ngana, mkewe akaniita Ngana, wateja nao wakafuata, mpaka mtu akiuliza "Ngana yuko wapi?" nikawa naitika kama kata nzima imehamia ndani yangu. Nilikuwa nainamia stika mpaka shingo inakakamaa, huku nyuma ya kanga nasikia leza ikilia, na namchukia mtu aliyesimama kati yangu na ule mlio.

Maana Ambokile hakuwa mchoyo wa kawaida. Kila alipotoka, iwe kwenda sokoni au chooni tu, alifungua kichwa cha leza, akatoa lenzi, kile kioo cha njano kinachokusanya mwali pamoja, akaifunga kwenye kipande chekundu cha fulana ya kwaya iliyoharibika, akaitia mfuko wa shati. Kisu cha plota nacho akakitia mfuko wa pili. Mashine zikabaki hapo, haziwezi kukata hata siagi. "Ufundi ni kama mke," alizoea kusema akipapasa mfuko wake, "humwachi na mlango wazi." Mama Lusajo akisikia hivyo nyuma ya plaibodi, sufuria zilikuwa zinagongana kwa muda mrefu. Hata wakati wa kula lenzi ilikuwa mfukoni, na akimaliza kula anarudi, anaichomoa, anaipachika mahali pake, anawasha. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu siku zile, na sijamwona mwingine aliyekaa na lenzi kama mama na kichanga. Wakati ule nilidhani huo ndio ubingwa.

Kwa hiyo nilijifunza kutoka kwenye takataka. Vipande vya mbao alivyotupa nilivibeba hadi kwenye chumba nilichopanga, nikavipanga juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ukingo ukiwa mweusi kama ukoko wa ugali, nilijua mwali ulipita polepole mno. Ubao ukiwa umekatika nusu, mwali ulikimbia. Mabaki ya stika nayo yalisema: ukiona mstari umezama kwenye mgongo wa karatasi, kisu kilitoka mno kwenye ala yake. Nilibandika mabaki hayo ukutani hadi mwenye nyumba, bibi mmoja mkali, akaniuliza kama ninataka kufungua kanisa. Nikamwambia bado natafuta waumini. Nilikuwa mpweke, ndiyo, na nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinifundisha zaidi kuliko Ambokile.

Ulipofika msimu wa kuvuna mpunga, watu wakapata chochote, bajaji mpya zikaingia mjini, na kila mwenye bajaji alitaka jina lake kwenye kioo cha mbele. Wafanyabiashara kutoka upande wa Malawi nao wakaja kutaka stika za maduka yao. Ambokile akazidiwa. Akaniita kwenye plota, uso umekunjamana kama mtu anayemeza shubiri. "Kata mraba mdogo kwanza," akasema. "Ubandue. Ukibanduka peke yake, kisu kiko sawa. Ukibanduka na mgongo wake, umeniulia karatasi." Nikakata. Ukabanduka peke yake, safi. Ambokile akaushika ule mraba mwekundu kwa ncha ya kucha, akanibandika nao kwenye paji la uso mbele ya wateja. "Kaa nao mpaka jioni," akasema, "tuone kama utashika kwenye jasho." Watu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilikaa nao. Nilikwenda nao kununua barafu, nikala nao, nikarudi nao nyumbani, na haukubanduka. Nilipojitazama kwenye kioo usiku ule nililia, kisha nikagundua kwamba mkono wangu sasa unajua kitu ambacho hawezi kukitia mfukoni.

Chakula nilikula karakanani, kwenye kigoda, sahani ikipitishwa chini ya pazia la mlango wa ndani. Wali wa nyumba ile ulikuwa mzuri, sina neno, ule wa kunukia hadi barabarani, na juu yake dagaa wetu wa ziwani, usipa wa kukaanga uliozama kwenye mafuta. Samaki mkubwa alibaki upande wao. Siku moja nilichora stika ya bajaji, samaki aina ya mbasa aliyepinda kulizunguka jina la mwenye chombo, mkia wake ndio herufi ya mwisho. Niliifanya kwa saa nzima ya mapumziko. Mwenye bajaji alipoiona alipiga mluzi. Ambokile akajibu kabla sijafungua mdomo: "Hiyo nimeichora jana." Mchana ule nikiwa na sahani yangu mapajani, nikamsikia nyuma ya plaibodi akimwambia mkewe, "Huyu Ngana ana mkono. Akiijua leza, ataondoka na wateja wangu wote." Mama Lusajo akajibu kwa utulivu, kama anayezungumzia chumvi: "Basi usimwonyeshe." Nikaiweka sahani chini. Mume nilikuwa nimeshamzoea. Mke nilidhani ananionea huruma, kwa vile naye alikuwa anafananishwa na mashine.

Siku yenyewe ilikuja mwaka ukikaribia kuisha. Wanaume wanne walifika kutoka Ngana, kwetu, kutaka msalaba wa bibi mmoja aliyekuwa akituuzia maandazi nilipokuwa shuleni. Walikuja na ubao wao wa mninga, umepigwa randa hadi unang'aa, na walikuwa wanakwenda kuzika jioni ileile. Ambokile alikuwa ndani anakula. Nikamsikia akisukuma sahani. Halafu nikamsikia Mama Lusajo, na maneno haya nayakumbuka kama jina langu: "Nawa kwanza, Baba Lusajo. Usikishike hicho kidude na mafuta ya usipa. Maji haya hapa." Naye akajibu, "Watu wa msiba wanangoja, mwanamke," na nikasikia viganja vikifutwa kwenye suruali. Akatokea akijilamba meno. Akatoa lenzi kwenye kitambaa, akaibana kwa dole gumba akiipachika, akapima, akafunga kifuniko. Kisha akawatazama wale wanaume, na nadhani alitaka kuonekana mkubwa mbele ya watu wa kwetu, maana alitabasamu. "Mnaona? Binti yenu nimemfanya fundi. Ngana, njoo. Bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Nilingoja tendo lile mwaka mzima, na lilidumu muda wa kusali sala fupi. Jina la yule bibi lilikuwa limefika katikati tukasikia mlio mkavu, kama punje ya mahindi ikipasuka kikaangoni, na moshi ukatoka mahali usipotakiwa. Mwali ukatawanyika, ubao ukabaki na doa jeusi penye nusu ya pili ya jina. Ambokile akafungua, akachomoa lenzi, akaona ufa. Nilimwona akiona pia lile dole gumba, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye kidole chake mwenyewe. Halafu akageuka. "Amenivunjia lenzi," akawaambia wale wanaume. "Mkono wa huyu binti una mkosi. Nimelea mkosi mwaka mzima." Nikasema, "Bosi, ulitoka kula." Akasema, "Unanifundisha?" Nikageuka kwenye pazia. Mama Lusajo alikuwa amesimama pale, beseni la maji mikononi, sabuni inaelea. Alinitazama. Nilingoja aseme maneno matano tu. Aliwatazama wale wanaume, akamtazama mumewe, kisha akarudi ndani na beseni lake, na nikasikia akiosha vyombo.

Watu wa Ngana walichukua msalaba wao wenye jina nusu, wakaumalizia kwa rangi ya brashi. Habari ilifika nyumbani kabla yangu: Sekela amelikata jina la marehemu katikati. Pale Kyela hapakuwa na fundi aliyetaka mkono wangu hata kwa kufagia, maana Ambokile alikuwa amezunguka kwao wote na hadithi yake. Nilikwenda Mbeya, nikaanza upya kwa kuchambua stika za watu wengine. Siku ya kwanza niliporuhusiwa kuisogelea leza, fundi wa kule, kijana mdogo kuliko mimi, hakuniambia habari ya kasi wala nguvu. Alinionyesha bomba la maji. Akasema lenzi ikiguswa na mafuta, mwali unayaunguza palepale, kioo kinapata joto mahali pamoja tu, na kinapasuka. Nilinawa huku nimempa mgongo, asinione uso. Tangu hapo nimejenga jina langu, nimerudi Kyela na mashine zangu, na misalaba mingi ya wilaya hii imetoka mikononi mwangu. Lakini Ngana bado wapo wazee wanaopeleka misiba yao kwa mchoraji wa brashi. Hawaniambii kwa nini, nami siulizi.

Nilikizungusha kile kioo mbele ya Gwakisa. "Ni lenzi ya leza," nikasema. "Shemeji yako hajakudanganya." Akakunja uso. "Sawa. Na kwa nini kimepasuka? Hili dole la nani? Na kwa nini akitunze hivi?" Ningeweza kumjibu yote. Ningeweza pia kusema sijui, kisha wazee wa kanisa wabaki na mawazo yao, na Ambokile achukuliwe na vijana wachache wa kukodi, kimyakimya, bila wimbo hata mmoja, jina lake limeungua nusu kama lile la bibi wa maandazi. Wazo hilo nililikalisha moyoni kwa raha, sikulifukuza. "Hilo muulize Mama Lusajo," nikasema. "Siku kilipopasuka alikuwepo."

Gwakisa akamgeukia. Mama Lusajo akashika ncha ya kanga yake. "Sekela, mwanangu," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu kinywani mwake. "Usinifanyie hivi. Nina msiba."

"Na mimi nilikuwa na kazi," nikamjibu.

Alitazama chini, alitazama mvua iliyokuwa imeanza tena, alimtazama shemeji yake, na mimi nikamwacha atafute pa kutazama mpaka pakaisha. "Nilimwambia anawe," akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo, Gwakisa akasogea. "Nilimwambia anawe, maji nilikuwa nayo mkononi. Hakunawa. Hilo dole ni lake, ni mafuta ya usipa. Kikapasuka, akamsingizia huyu mbele za watu wa kwao, na mimi nikaingia ndani nikaosha vyombo." Akavuta pumzi. "Alikuwa anakifungua akiwa peke yake, anakitazama. Nikimuuliza, anakifunga. Uchawi haupo, shemeji. Alijua alichofanya, basi."

Gwakisa akakichukua kile kioo kwa vidole vyake, bila woga sasa, akakifunga na kukitia kwenye mfuko wa koti. "Nitawaambia wazee," akasema. "Waambie yote," nikamwambia, "na watu wa Ngana wakija kuzika, waambie mbele ya kaburi, kama mimi nilivyosemwa mbele ya msalaba." Akaitikia kwa kichwa. Mama Lusajo alikuwa analia. Sikumpa pole. Nilikuwa nimeitunza miaka mingi, na siku hiyo ilipohitajika sikuiona.

"Lakini msalaba utautengeneza?" Mama Lusajo akauliza. "Jina lake lote?"

Nikaingia nyuma, nikaacha mlango wazi waone. Nikafungua bomba, nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nikaikausha, nikawasha mashine.